Ini, Pamba na Ziwa: Historia ya Kemikali Zinazokata Mawasiliano ya Seli

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5. Karibu asilimia 80 ya ujazo wake ni seli za aina moja, zile zinazofanya kazi za ini zenyewe: kuvunja sumu, kutengeneza nyongo, kuhifadhi sukari na kuitoa mwili unapoihitaji. Seli hizo zimepangwa safu kwa safu, zikiwa zimebanana. Mahali zinapogusana, kuta zao zimetobolewa na vijia vyembamba sana vinavyounganisha ndani ya seli moja na ndani ya seli ya pili, kama nyumba mbili zinazopakana zilizofunguliwa mlango ukutani ili wenyeji wasilazimike kupita nje.

Kila kijia kimejengwa na protini zinazoitwa koneksini. Koneksini sita hujipanga duara katika utando wa seli moja, na sita nyingine katika utando wa jirani. Duara mbili zikikutana, njia hufunguka. Njia hiyo hupitisha maji, ioni za kalsiamu na potasiamu, sukari, na molekuli ndogo zinazobeba ishara, mradi uzito wa molekuli usizidi takriban daltoni 1,000. Protini kubwa na vinasaba havipiti. Katika ini la panya na la binadamu, koneksini iliyo nyingi zaidi ni koneksini 32, iliyopewa namba hiyo kwa uzito wake wa kilodaltoni 32, ikisaidiwa na koneksini 26.

Faida ya mpango huu huonekana pale mwili unapohitaji sukari kwa haraka. Katika ini la panya, ncha za neva hufika karibu na mishipa inayoingiza damu tu. Seli zilizo mbali na hapo hupokea ishara kutoka kwa majirani, seli moja ikipasha nyingine. Mwaka 1996 watafiti waliowachunguza panya waliozalishwa bila koneksini 32 walionyesha kwamba neva za ini zinaposisimuliwa, ini la panya hao hutoa sukari kidogo kuliko kawaida. Neva zilikuwa zima na seli zilikuwa hai, ila ujumbe uliishia njiani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilibainika kwamba kemikali kadhaa huziba vijia hivyo bila kuua seli. Baadhi ya kemikali hizo zilikuwa zimeshatangulia kufika kwenye mashamba ya pamba ya Usukuma na katika maji ya Ziwa Victoria.

Kugunduliwa kwa vijia

Hadi miaka ya 1950, wanabiolojia wengi walizichukulia seli za mnyama kuwa vyumba vilivyofungwa, ambavyo hupokea habari kwa njia ya homoni na neva pekee. Mwaka 1959, Edwin Furshpan na David Potter, wakifanya kazi London, waliripoti kwamba katika neva za kamba wa maji baridi umeme hupita moja kwa moja kutoka seli moja kwenda nyingine. Jambo hilo lilionekana kwanza kuwa tabia ya neva peke yake. Mwaka 1964, Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walilikuta pia katika tezi za mate za mabuu ya nzi, tishu ambayo haina kazi yoyote ya neva.

Miaka miwili baadaye walilihamishia swali hilo kwenye ini. Walichoma sindano nyembamba za kioo ndani ya seli mbili za ini la panya, wakapitisha umeme mdogo katika moja na kupima kama ulifika katika nyingine. Katika ini zima, ulifika. Katika uvimbe wa saratani ya ini, haukufika. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1966 katika jarida la Nature, yalileta hoja mpya: huenda seli huzuiwa kukua ovyo na ishara za majirani, na seli iliyokatiwa mawasiliano hukosa wa kuizuia.

Mwaka 1967, Jean-Paul Revel na Morris Karnovsky wa Harvard waliviona vijia vyenyewe kwa darubini ya elektroni katika moyo na ini la panya. Walitumia madini ya lanthanamu kuujaza mwanya ulio kati ya seli, na vijia vikajitokeza vikiwa vimepangwa kwa umbo la pembe sita. Jina la koneksini lilitolewa na Daniel Goodenough mwaka 1974. Mwaka 1978, Yee na Revel walionyesha kwamba panya akikatwa theluthi mbili ya ini lake, vijia vya sehemu iliyobaki hutoweka karibu vyote wakati seli zinapojigawa kuziba pengo, kisha hurudi kazi ya kukua inapokaribia kwisha. Kwa hiyo ini lenyewe hufunga mawasiliano linapotaka kukua, na huyafungua linapotaka kutulia. Swali lililobaki ni nini hutokea kitu cha nje kinapoyafunga bila ini kutaka.

Sumu za shambani zafika Usukuma

DDT ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Othmar Zeidler huko Strasbourg, na ikakaa miaka 65 bila matumizi. Mwaka 1939, Paul Müller wa kampuni ya Geigy mjini Basel aligundua kwamba inaua wadudu, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilikuwa rahisi, ilidumu miezi mingi ukutani, na mtu aliyeishika hakudhurika papo hapo. Kwa kipimo cha wakati ule, ambacho kiliuliza sumu inaua nani na kwa kiasi gani, DDT ilionekana salama kwa binadamu.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kufanyiwa majaribio makubwa ya dawa za jamii hiyo. Kati ya 1955 na 1959, mradi wa malaria wa Pare na Taveta, kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, ulipuliza dieldrini ndani ya nyumba za vijiji vingi. Mbu walipungua sana na malaria ikashuka. Dieldrini, sawa na DDT, ni kemikali yenye klorini inayoyeyuka katika mafuta na inayochukua miaka kuvunjika.

Kusini mwa Ziwa Victoria, njia kuu ya kuingilia ilikuwa pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa mji wa Mwanza, kilianza katika miaka ya 1930 na kwa muda mrefu kilipambana na wadudu kwa njia ya mbegu. Aina zilizozalishwa hapo, zinazotambulika kwa herufi UK, zilikuwa na majani yenye vinyweleo vilivyowazuia wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Kilimo chenyewe kilipanuka haraka baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakulima walijipanga katika vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani. Kutoka katika shirikisho hilo kilitokea baadaye Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Vinyweleo havikumzuia funza wa vitumba, anayetoboa kitumba na kula pamba kabla haijafunguka. Kwake ilihitajika sumu. Kuanzia miaka ya 1960 viuatilifu viligawiwa pamoja na mbegu kupitia ushirika, DDT ikiwa miongoni mwa vya mwanzo, kisha endosulfani, iliyofahamika zaidi kwa jina la biashara la Thiodan. Tatizo la maji shambani lilipunguzwa na vinyunyizio vya mkono vinavyotumia betri za tochi. Dawa iliyochanganywa na mafuta ilidondokea kwenye kisahani kinachozunguka kwa kasi, nacho kikaitawanya kuwa ukungu uliobebwa na upepo juu ya mistari ya pamba. Mkulima hakuhitaji kubeba ndoo za maji kutoka mbali. Lakini ukungu ule ule ulitua pia juu ya nguo na ngozi yake, na juu ya udongo.

Udongo wa Usukuma husombwa na mvua. Mto Simiyu hukusanya maji ya eneo kubwa la pamba na kuyamwaga katika Ghuba ya Speke; vijito vingine huishia katika Ghuba ya Mwanza. DDT hujishika kwenye chembe za udongo, hivyo husafiri pamoja na tope. Ikifika ziwani huingia katika viumbe vidogo, kisha katika samaki anayevila, kisha katika samaki anayemla samaki huyo, ikiongezeka katika mafuta kila hatua. Ini, lenye kazi ya kuzivunja kemikali za namna hii, huwa miongoni mwa mahali zinapopita baada ya kutoka tumboni.

Maabara yagundua njia ya kimya

Wakati dawa hizo zinaenea, wataalamu wa saratani walikuwa wanashindana na kitendawili. Baadhi ya kemikali zilisababisha uvimbe katika ini la panya ingawa hazikuharibu vinasaba. Katika miaka ya 1970, Carl Peraino na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya akipewa kwanza kiasi kidogo cha kemikali inayoharibu vinasaba, kisha akalishwa DDT au dawa ya kifafa ya fenobabitali kwa miezi, uvimbe wa ini huongezeka sana. Kemikali ya kwanza ilianzisha saratani. Ya pili iliikuza. Jinsi ile ya pili ilivyofanya kazi haikujulikana.

Mwaka 1979, makundi mawili yalifikia jibu moja kwa wakati mmoja: Larry Yotti, Chia-Cheng Chang na James Trosko wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na Andrew Murray na John Fitzgerald wa Australia. Jaribio la Michigan lilitumia aina mbili za seli katika sahani moja na sumu iitwayo tioguanini. Seli za kawaida huigeuza tioguanini kuwa kitu cha kuua; seli zenye kasoro fulani haziwezi kuigeuza, hivyo zikiwa peke yake husalimika. Zikiwekwa bega kwa bega na seli za kawaida, nazo hufa, kwa sababu majirani huzipitishia sumu iliyokwisha kugeuzwa kupitia vijia. Watafiti walipoongeza kemikali inayokuza saratani, seli zenye kasoro zilianza kusalimika na kuzaana zikawa makundi yanayohesabika kwa macho. Kusalimika kwao kulikuwa ushahidi kwamba vijia vimefungwa.

Mwaka 1981, Gary Williams na wenzake wa New York waliifanya kazi hiyo kwa seli za ini zenyewe. Kemikali waliyoichagua ilikuwa DDT, na DDT ilizuia mawasiliano kati ya seli za ini kwa viwango ambavyo havikuziua. Katika miaka iliyofuata majaribio ya seli za ini la panya yaliongeza dieldrini, kiuatilifu cha lindani na fenobabitali kwenye orodha. Mwaka 1992, watafiti wa Sweden waliripoti kwamba endosulfani nayo ina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo viuatilifu vikuu vya pamba na vya malaria vya katikati ya karne vilikutana katika tabia moja ambayo hakuna aliyeipima wakati vinasajiliwa.

Kipimo chenyewe kilirahisishwa mwaka 1987 na Mohamed El-Fouly, Trosko na Chang. Seli huoteshwa kwenye sahani mpaka zigusane pande zote, kisha humwagiwa rangi ya manjano inayong'aa ambayo haiwezi kupenya utando wa seli nzima. Wembe hupitishwa juu yake mara moja. Seli zilizokatwa hunyonya rangi, na ndani ya dakika chache rangi hiyo huvuka kwa majirani, safu baada ya safu, pande zote mbili za mkato. Chini ya darubini sahani nzima huonyesha mkanda mpana wa nuru. Sahani iliyowekewa DDT kabla ya kukatwa huonyesha mstari mwembamba tu wa seli zilizojeruhiwa. Hatua moja mbele yake ni giza. Anayeangalia haoni seli iliyokufa, wala iliyovimba, wala iliyobadilika umbo.

Vijia hufungwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya dakika: kemikali huamsha vimeng'enya ndani ya seli vinavyobandika fosfati kwenye koneksini, na mlango hujifunga. Ya pili ni ya saa: utando humeza vijia na kuvivunja. Ya tatu ni ya siku na wiki: seli hupunguza utengenezaji wa koneksini mpya. Njia hii ya tatu ina nguvu katika ini kwa sababu koneksini zake hubadilishwa haraka. Vipimo vya mwaka 1981 katika panya vilionyesha kwamba nusu yake huondolewa ndani ya saa takriban 5. Seli isiyotengeneza koneksini mpya leo, kesho itakuwa imebakiwa na vijia vichache.

Njia zote tatu zina sifa moja inayofanana: hurekebishika. Kemikali ikiondolewa, vijia hufunguka tena. Ndiyo maana kemikali hizi hukuza saratani pale tu zinapoendelea kuingia mwilini kwa muda mrefu, na kiasi kisichofikia kizingiti hakina athari hiyo.

Kinasaba cha koneksini 32 kilisomwa mwaka 1986, na ushahidi wa moja kwa moja ukaja mwaka 1997. Kundi la Klaus Willecke nchini Ujerumani lilionyesha kwamba panya waliozaliwa bila koneksini 32 hupata uvimbe wa ini mara nyingi zaidi kuliko panya wa kawaida, wawe wamepewa kemikali ya kuanzisha saratani au wamezeeka tu. Kukosekana kwa koneksini 32 peke yake kulitosha kuongeza hatari.

Sangara na marufuku ya 1999

Huku maabara zikikamilisha picha hiyo, endosulfani ilikuwa inaingia Ziwa Victoria kwa mlango ambao hakuna mtaalamu wa pamba aliyeukusudia. Sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980, na furu wengi wa asili wakatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na samaki aliyekuwa chakula cha mwambao akawa bidhaa ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Bei ilipopanda, baadhi ya wavuvi walichukua njia ya mkato: usiku walimwaga kiuatilifu cha pamba katika maji ya kina kifupi na kukusanya samaki walioelea. Endosulfani huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na ilipatikana kwa urahisi popote palipolimwa pamba au mboga.

Aprili 1999, baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanda vya Mwanza vilipunguza kazi au kusimama, na bei ya sangara katika mialo ikaanguka. Tanzania iliruhusiwa kurudi sokoni mwaka 2000, baada ya kuweka utaratibu wa kupima masalia ya viuatilifu na kukaza ukaguzi wa mialo. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali katika mialo, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, vilipewa kazi ya kuwabaini wanaotumia sumu pamoja na nyavu haramu.

Picha ya kisayansi ilitolewa mwaka 2006 na Lillian Henry na Michael Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikusanya sato na sangara kutoka katika mialo ya wilaya 9 za mwambao wa Tanzania na kutafuta masalia ya viuatilifu 64. Viwango vya juu katika mnofu vilikuwa miligramu 0.03 za DDT na 0.2 za endosulfani kwa kilo. Viwango hivyo havikuvuka kiasi kinachokubalika kuliwa kila siku. Lakini DDT yenyewe ilikuwa nyingi kuliko mazao ya kuvunjika kwake, na endosulfani vivyo hivyo. Kemikali iliyokaa muda mrefu katika mazingira huonyesha kinyume chake. Kwa hiyo samaki wale walikuwa wamekutana nazo karibuni.

Ziwa lageuka kijani

Sumu nyingine ya ini haikuletwa na kampuni yoyote. Ililelewa na ziwa lenyewe. Kuanzia miaka ya 1930, na kwa kasi zaidi baada ya miaka ya 1960, udongo, mbolea, majivu na maji taka viliongeza fosforasi na naitrojeni katika Ziwa Victoria. Mwani wenye magamba ya silika uliotawala hapo awali uliachia nafasi sianobakteria, viumbe vya rangi ya kijani-buluu vinavyostawi katika maji yenye joto, yaliyotulia na yenye rutuba. Ghuba ya Mwanza, iliyo nyembamba na yenye kina kifupi, na inayopokea maji ya mji unaokua, ina masharti yote hayo. Wakati wa utulivu wa upepo, utando wa kijani hujikusanya kando ya miamba na kwenye maegesho ya mitumbwi, mahali pale pale watu wanapochota maji na kuosha vyombo.

Baadhi ya sianobakteria hutengeneza mikrosistini, sumu ndogo yenye amino asidi saba. Sumu hii hulenga ini kwa sababu seli za ini zina vibebaji vinavyoichukua kutoka katika damu na kuiingiza ndani. Mwaka 1990 ilibainishwa kwamba hukamata vimeng'enya vinavyoondoa fosfati kwenye protini. Fosfati zikibaki bila kuondolewa, mifupa ya ndani ya seli husambaratika, seli hujikunja na kuachana na majirani zake, na damu hujaa ndani ya ini. Uwezo wake wa kuua binadamu ulidhihirika mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, ambako wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya damu yao kusafishwa kwa mashine zilizotumia maji yenye sumu hiyo.

Kati ya Mei na Agosti 2002, Benedicta Sekadende, Thomas Lyimo na Rainer Kurmayer walipima maji ya upande wa Tanzania, ikiwemo Ghuba ya Mwanza. Mikrosistini ilikuwepo, na kiwango cha juu kilikuwa takriban mikrogramu 1 kwa lita, sawa na kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekiweka mwaka 1998 kwa maji ya kunywa. Kuchemsha maji hakuiondoi: sumu hii huvumilia joto la kuchemka, na joto hupasua seli za sianobakteria na kuiachia majini sumu iliyokuwa ndani yake.

Mwaka 2010, Luděk Bláha, Pavel Babica na wenzao wa Jamhuri ya Cheki, wakishirikiana na maabara ya Michigan, waliipeleka sianobakteria kwenye kipimo cha vijia. Waliweka seli za ini la panya katika maji yaliyokamuliwa kutoka kwa sianobakteria. Vijia vilifungwa, tena kwa haraka. Walipotumia mikrosistini safi, havikufungwa. Maana yake ni kwamba sianobakteria hubeba vitu viwili tofauti vinavyodhuru ini: mikrosistini, inayobomoa seli, na kemikali nyingine zinazokata mawasiliano huku seli ikibaki nzima. Mtambo wa maji unaopima mikrosistini peke yake hupima kundi la kwanza tu.

Ini la mkazi wa mwambao

Kukata mawasiliano hakuanzishi saratani ya ini. Hukuza ile iliyokwisha kuanzishwa. Kwa sababu hiyo uzito wake hutegemea mambo mengine yanayolipata ini la mtu husika, na mwambao wa Ziwa Victoria una mengi. Homa ya ini B imeenea. Sumukuvu ya mahindi na karanga huharibu vinasaba vya seli za ini moja kwa moja. Kichocho cha tumbo, kinachosababishwa na vimelea vinavyoishi katika konokono wa ziwa, huacha mayai katika ini na kulijaza makovu. Vijiji vya wavuvi vya Ukerewe na Sengerema ni miongoni mwa vilivyoathirika zaidi nchini. Utafiti wa wagonjwa wa saratani ya ini katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, uliochapishwa mwaka 2014, uliitaja homa ya ini B na unywaji wa pombe kuwa visababishi vikuu, na wengi wa wagonjwa walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Matokeo ya panya hayahamishiwi kwa binadamu bila tahadhari. Baadhi ya kemikali zilizofunga vijia katika seli za ini la panya hazikufanya hivyo katika seli za ini la mtu. Watu wenye kasoro ya kurithi katika kinasaba cha koneksini 32, walioelezwa mwaka 1993, huugua neva za miguu na mikono, si ini. Hata hivyo ushahidi juu ya binadamu umeongezeka uzito. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi wake kuhusu aina kuu ya mikrosistini, likiiweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na mwaka 2015 liliiweka DDT ngazi iliyo juu ya hiyo, miongoni mwa vile vinavyoelekea kuisababisha.

Sheria nayo ilibadilika. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliondoa dieldrini na kuibakiza DDT kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa pekee. Endosulfani iliongezwa kwenye orodha ya kuondolewa mwaka 2011. Usajili na ukaguzi wa viuatilifu nchini, uliokuwa chini ya taasisi ya utafiti ya TPRI mjini Arusha, ulihamishiwa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Vikomo vya masalia katika samaki na maji vimeendelea kuwekwa kwa kemikali moja moja, wakati mkazi wa mwambao hula na kunywa kadhaa kwa pamoja: masalia katika sato, sianobakteria katika maji ya ndoo, na kiuatilifu cha bustani ya nyanya au kabichi iliyo ukingoni mwa ziwa. Zinazopitia vimeng'enya vile vile zinaweza kujumlishwa katika ini moja hata kama kila moja, peke yake, haijafikia kizingiti. Kipimo cha wembe na rangi hujibu swali la jumla hilo kwa siku moja, kwa sababu hakihitaji kujua majina ya kemikali zilizo katika sampuli; hutosha kumwaga maji ya ghuba au mafuta ya samaki yaliyokamuliwa juu ya seli na kuangalia rangi imevuka safu ngapi. Na kwa kuwa vijia hufunguka tena mfiduo unapokoma, kila chanzo kinachozuiwa, kiwe kopo la kiuatilifu linalooshewa ziwani au bomba la maji taka linaloilisha sianobakteria, hupunguza hatari hata kwa ini ambalo limekwisha kuathirika.